Chapa Yangu Juu ya Proksi za Watu

Jina lilinichukua wiki tatu. Kulielekeza jina hilo kwenye mitambo ya watu wengine kulinichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na nilipomaliza chai ilikuwa bado haijapoa.

Mchana nafanya kazi katika duka la tajiri mmoja la kuchapa na kutoa kopi huko Ngamiani, Tanga. Watu huleta barua za kuomba kazi, vyeti vya kuzaliwa, mialiko ya harusi, nami nachapa, natoa kopi, nabana pini. Kompyuta sikuisomea popote. Nilimaliza kidato cha nne, alama hazikutosha, nikajifunza mwenyewe kwa kutazama video, kwa kusoma majibizano ya watu nisiowajua, na zaidi kwa kuharibu na kutengeneza upya. Aliyesoma chuoni aliwahi kuambiwa na mwalimu wake kwamba hapo inatosha, akakae. Mimi sijawahi kuambiwa. Nikianza kitu sijui pa kukiachia. Mwaliko wa harusi ya mtu unaweza kuninyima raha siku nzima kwa sababu maua ya kushoto yamepanda kidogo kuliko ya kulia, na bwana harusi mwenyewe keshachukua mzigo wake kaondoka.

Biashara ya pembeni niliyoianzisha ilikuwa ya kuuza proksi. Nilimweleza mama hivi: ukiwa hapa Mabawa ukafungua tovuti ya hoteli, ile tovuti inajua uko Tanzania, na inakuonyesha bei na matangazo iliyomwekea mtu wa Tanzania. Proksi ni kompyuta iliyoko nchi nyingine, inayopokea ombi lako na kulipeleka kana kwamba ni lake. Tovuti inaiona hiyo kompyuta, wewe haikuoni. Kuna watu wanaohitaji jambo hilo kwa kazi halali kabisa, kama kulinganisha bei, au kuangalia kama tangazo lililolipiwa kuonekana Kanada linaonekana kweli Kanada.

"Na wewe hizo kompyuta za Kanada unazo?" mama aliuliza.

"Sina. Kuna kampuni ya nje inauza kwa jumla. Mimi nanunua kwao, nauza rejareja."

"Kama dagaa."

"Kama dagaa, mama."

Hapo ndipo jambo lilipoanza kuniuma, kwa sababu sikutaka liwe kama dagaa. Nilitaka nionekane nina kitu. Nimekaa miaka nyuma ya mashine ya kopi nikitoa nakala za kazi za watu wengine, na nilichoka kuwa mtu wa katikati. Kampuni ile ya jumla ilikuwa na mpango wa watu kama mimi. Ilikuruhusu ununue anwani yako ya mtandaoni, ile inayoitwa kikoa, kisha uandike kwenye mipangilio kwamba kila anayekuja kwenye jina lako apelekwe kwao. Mteja anaandika jina lako, anapokelewa na mitambo yao, na anaondoka akijua amehudumiwa na wewe. Si wizi. Imeandikwa kwenye masharti yao kwamba inaruhusiwa, na masharti hayo nilikuwa nayasoma mara kwa mara kuliko mtu mwenye amani anavyohitaji kuyasoma.

Basi nikatafuta jina. Niliandika majina kwenye daftari, nikayatamka kwa sauti nikiwa kwenye baiskeli, nikayapigia mstari. Nikatengeneza nembo. Rangi ya nembo ilikuwa ya bluu, lakini kulikuwa na bluu nne na kila moja ilikuwa na kasoro yake.

"Ile ya jana ilikuwa nzuri," mama alisema akinichungulia begani.

"Ndiyo hiyo hiyo, mama. Sijaibadilisha."

"Basi leo ni daraja la tatu."

Mama alipanga katani kwa madaraja zaidi ya miaka ishirini. Babu alitoka kusini kuja kukata mkonge, akabaki, na mama akazaliwa kambini, akakulia kambini, akaingia kazini chumba cha brashi, pale singa zinapochanwa, kupangwa kwa urefu na rangi, kisha kukandamizwa kuwa marobota. Magoti yalipokataa akaja kukaa nami Mabawa, lakini madaraja hakuyaacha. Ugali una daraja, mahubiri yana daraja, mchumba wa jirani alipewa daraja la mwisho kabisa kabla hajamaliza kunywa soda.

Baada ya jina na rangi, nilianza kufuta. Sehemu hii ndiyo ninayotakiwa kuiungama vizuri. Jina la kampuni ya jumla lilikuwa limejificha mahali pengi. Lilikuwa kwenye risiti. Lilikuwa kwenye barua pepe ya kumkaribisha mteja. Lilikuwa kwenye pembe ya picha moja ya maelekezo, dogo mno, ungehitaji kulitafuta. Nililitafuta. Kisha kulikuwa na ule ujumbe unaotokea kwenye skrini proksi inapokwama, unaosema samahani, jaribu tena, na chini yake kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, jina lao. Huo ulinisumbua siku nne. Nilisoma, nikajaribu, nikavunja ukurasa mzima, nikaurudisha. Siku ya nne zile herufi za kijivu zikatoweka na mahali pake pakakaa jina langu na bluu yangu. Niliukwamisha mtambo kwa makusudi mara kumi ili tu niuone ule ujumbe.

Nilipata wateja kumi na mmoja. Wa kwanza, na ninayemwandikia haya moyoni, ni dada mmoja wa Usagara.

Tulifahamiana dukani. Alikuja kuskani mkataba wa kazi, na kwa kuwa nina tabia mbaya ya kusoma ninachoskani, nilimwuliza kama hiyo kazi ya mtandaoni inahitaji proksi. Alicheka, akasema ndicho kitu alichokuwa anatafuta tangu juma lililopita na hajui kiswahili chake. Alikuwa mwalimu wa shule ya binafsi. Baba yake, mkulima wa karafuu na mpunga huko Pemba, alipata kiharusi, na yeye ndiye mtoto pekee aliyeweza kumpokea. Mzee hakuweza kuachwa peke yake hata saa moja. Shule haikuweza kumsubiri. Kisha akapata hii kazi ya kampuni ya nje inayokagua matangazo ya hoteli na ndege: anakaa nyumbani, anafungua tovuti kama mtu aliyeko nchi fulani, anapiga picha ya skrini, anaandika alichokiona. Kazi ile ndiyo iliyomwezesha kukaa chumba kimoja na baba yake. Pasipo hiyo, angelazimika kumrudisha mzee Pemba kwa ndugu ambao nao walikuwa wamechoka.

Nilikwenda kwao mara nyingi kwa baiskeli, kumpangia kompyuta. Mzee alilazwa karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala kama si wake, lakini ulimi ulikuwa umerudi wote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ni yule fundi wa hewa?"

"Ndiye, baba," dada alijibu.

"Leo katuletea nchi gani?"

"Ureno, baba," nikasema.

"Ureno! Huyu mwanangu jana kutwa alikuwa Brazili, hapa hapa ubavuni pangu, na chai hakuniletea."

Dada aliniita mdogo wangu tangu siku ya pili. Alinipa mkate wa kumimina niupeleke nyumbani, na mama akaupa daraja la kwanza, jambo ambalo halijatokea tena.

Katika mwezi wa tatu tangu aanze kununua kwangu, kampuni yake ilimtumia fomu. Nilikuwepo, nimepiga magoti chini ya meza nikibadilisha waya. Alisoma kwa sauti.

"Mdogo wangu, wananiuliza hapa. Huyu anayekuuzia proksi, mitambo ni yake mwenyewe au anaichukua kwa mwingine? Niandike nini?"

Ningeweza kusema nimeshika waya, ningeweza kusema sikusikia vizuri. Nilisikia. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, maana alirudia swali mara mbili.

"Andika ni mitambo ya kwangu mwenyewe," nikasema.

"Halafu wanataka jina."

Nikatoka chini ya meza ili nihakikishe analiandika sawasawa. Nilisimama nyuma yake nikatazama jina langu likiingia kwenye kisanduku, herufi moja moja. Sitaficha nilichokisikia. Nilifurahi. Nilifurahi kuliona pale, kwenye fomu ya kampuni ya Ulaya.

Ziliisha wiki saba hivi. Asubuhi moja, duka ndiyo kwanza limefunguliwa, dada akanitumia barua aliyoandikiwa. "Nisomee na wewe," aliandika, "labda mie sijaelewa."

Alikuwa ameelewa vizuri. Barua ilisema hivi. Kampuni yake ina ukaguzi wake yenyewe, unaofanywa na mashine zao. Wakaguzi kama dada waliajiriwa wawe jicho la pili, linalotazama kupitia njia nyingine tofauti, ili mashine ikidanganywa mtu asidanganywe. Sasa waligundua kwamba picha za dada na picha za mashine zao zilifanana kupita kiasi, hata pale zilipokosea. Fundi wao akakifuatilia kikoa kilichoandikwa kwenye fomu, akaona kinaelekea kwenye kampuni ile ile ambayo wao wenyewe wananunua proksi kwake. Jicho la pili lilikuwa jicho la kwanza limevaa jina langu. Wakamsimamisha kazi, wakampa siku tano aeleze kwa nini alijaza fomu ya uongo.

Nilisoma mara tatu. Nilisikia masikio yanawaka. Kisha ukaja ujumbe mwingine kutoka kwake: "Usijali mdogo wangu. Nishawajibu. Nimewaambia hiyo ni kampuni ya kwetu Tanga, ya msichana ninayemjua, wasimdharau kwa kuwa ni wa huku."

Nilimjibu kwamba ninafuatilia. Hilo lilikuwa neno langu kwa siku mbili, ninafuatilia. Alipopiga simu niliiacha iite.

Na kweli nilikuwa nafuatilia kitu. Nilikuwa nimekumbuka kwamba kikoa ni changu na naweza kukielekeza popote. Kulikuwa na kampuni nyingine ya jumla, ya nchi nyingine. Nikijiunga nayo na kubadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio, fundi wao akirudi kutazama ataona mahali tofauti kabisa, atadhani alikosea. Nitasema kulikuwa na hitilafu ya muda. Dada atarudi kazini, nami nitabaki na jina langu. Siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, nilijiunga, nikaifungua ile mipangilio, nikaandika mstari mpya. Ilibaki kubonyeza tu. Mteja akaingia anataka kopi ya kitambulisho, mbele na nyuma. Nikaiacha ile mipangilio wazi na jioni nikarudi nyumbani sijabonyeza na sijafuta.

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Alinitazama nikiegesha baiskeli.

"Wewe umefanya nini?"

"Kwa nini niwe nimefanya kitu?"

"Umeegesha baiskeli vibaya. Wewe huegeshi vibaya."

Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia yote, isipokuwa ule mstari ulionisubiri dukani. Alisikiliza huku vidole vikiendelea kutupa mawe. Mambo ya kikoa hakuyashika, lakini hakuyahitaji.

"Nje ya robota palikuwa na chapa ya shamba," alisema. "Sisi tuliofunga hatukuandikwa popote. Lakini ndani, kabla ya kukandamiza, ilitiwa karatasi ndogo yenye namba ya meza. Meza yangu ilikuwa ya tisa."

"Ya kazi gani, wakati mnunuzi haioni?"

"Anaiona akilifungua. Robota moja lilirudishwa. Katikati palikuwa pabichi, singa zimegeuka rangi, zinanuka. Tulipangwa mstari wote, meza kumi na mbili. Msimamizi akatia mkono ndani akatoa karatasi."

"Ya tisa?"

"Ya tisa. Nilikuwa na mimba yako, nikachoka, nikapokea mzigo haujakauka nikaufunga. Nilifagia korona mwezi mzima, chini ya ile mashine ya kuparua majani, kwenye maji ya mkonge yanayowasha miguu. Nililia weee. Lakini meza kumi na moja zilirudi kazini siku ile ile. Bila karatasi tungefagia wote, au angefagia aliyekuwa hapendwi." Alipuliza maganda kwenye ungo. "Huyo dada wa mkate, kwenye robota lako karatasi aliiona?"

"Niliitoa."

"Kwa mikono yako?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa imeshikana sana?"

"Ilinichukua siku nne, mama."

Mama akaacha ungo. Kwanza alikunja uso, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti. "Siku nne! Jamani mtoto huyu. Siku nne kutoa karatasi! Uvivu ungekusaidia."

Sikucheka. Ila nilielewa alichokisema kwa upana zaidi ya alivyokisema. Mzembe angeziacha zile herufi za kijivu. Proksi zilikwama karibu kila juma, na dada ni mtu wa kusoma mpaka chini ya ukurasa, alikuwa mwalimu. Angeuliza hawa ni nani. Ningebabaika, ningemwambia, na fomu ilipokuja angejaza ukweli. Kilichomharibia kazi hakikuwa uzembe wangu. Kilikuwa kile nilichojisifia kuliko vyote.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kwanza nilipitia dukani nikafuta ule mstari. Kisha nikaandika kwenye karatasi nitakayomwambia dada. Niliandika mara saba. Ya saba ilikuwa nzuri, ilikuwa na mwanzo na mwisho, na nilipofika Usagara nikaona aibu kuitoa mfukoni.

Dada alikuwa anamlisha mzee uji. Uso wake ulifurahi aliponiona, na hilo ndilo sikuwa nimelipangia.

"Nilijua utakuja. Haya, umewajibu nini?"

"Shikamoo, baba. Dada, wako sahihi."

"Nani wako sahihi?"

"Kampuni yako. Zile proksi si zangu. Nanunua kwa hao hao wanakonunua wao. Langu ni jina tu."

Kijiko kilibaki hewani. Mzee alikitazama kijiko, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo Ureno si yako?" akauliza.

"Si yangu, baba."

"Nami nilikuwa nashangaa. Binti wa baiskeli, ana Ureno."

Dada hakucheka. Alimfuta baba yake kidevu, akaweka bakuli chini taratibu.

"Mie nimewaandikia barua kukutetea. Nimewaambia wanakudharau."

"Najua, dada."

"Hujui. Nilikuuliza mara mbili, ukiwa pale chini ya meza. Nikaandika, nawe ukasimama nyuma yangu kunisahihishia herufi."

"Ndiyo."

"Na siku hizi mbili ulikuwa unafuatilia nini?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Nikamwambia na lile, kwamba nilitaka kulihamisha jina liende kwa kampuni nyingine ili fundi wao adhani alikosea. Nilimwambia nilikuwa nimeshaandika mstari.

"Kwa nini hukubonyeza?"

Swali hili sikuwa nalo katika karatasi zote saba. "Alikuja mtu na kitambulisho," nikasema. "Halafu mama akanicheka."

Kisha akavuta kiti, akafungua kompyuta, akaisukuma kwangu.

"Utaandika wewe. Kwa jina lako ulilopewa na mama yako, si la biashara yako. Useme uliniambia nini na mie niliamini nini. Na uandike hapa hapa, kabla uji wa baba haujapoa. Nikikuacha ukaondoka nayo utairemba mpaka Idi."

Niliandika mistari tisa. Kila nilipotaka kurudi nyuma kubadilisha neno, yeye alikohoa. Niliituma, na mara tu ilipoondoka nikaona kwamba kwenye mstari wa nne nilikuwa nimerudia sentensi nzima mara mbili. Sijawahi kutuma kitu kibaya namna ile kwa mtu yeyote, achilia mbali wazungu. Mzee akaomba uji wake.

Majibu yalikuja siku ya mwisho ya zile tano. Walikubali kwamba dada hakudanganya, alidanganywa. Kazi ya wiki zile zote ilifutwa, haikuhesabiwa. Angeweza kuendelea, kwa sharti kwamba atumie chanzo kingine wanachokijua, akaunti iwe yake mwenyewe, na asipitie kwa mtu yeyote wa katikati.

Mtu wa katikati nilikuwa mimi, na bado ni mimi ambaye dada aliniita kumpangia, maana hakumjua fundi mwingine. Nilimtafutia kampuni ya jumla yenye mitambo yake tofauti kabisa, nikamfungulia akaunti kwa jina lake, nikamwonyesha mahali pa kulipia na mahali pa kulalamika. Kisha nikafika kwenye kile kisanduku chenye anwani. Jina langu lilikuwa bado pale. Alisimama nyuma yangu, kama nilivyosimama nyuma yake siku ile. Nikalifuta, nikaandika la wenyewe, refu, baya, lina tarakimu katikati.

"Lako lilikuwa zuri lakini," alisema.

"Lilinichukua wiki tatu."

"Ilionekana."

Hakuniita mdogo wangu siku hiyo. Aliniambia asante, fundi. Mkate haukuwepo na sikuutarajia, ingawa njiani nilijikuta nimeutarajia.

Wateja wengine kumi niliwaandikia nikawatajia ninakonunua. Watatu wakaondoka kimya. Mmoja akauliza kama sasa nitapunguza bei. Mmoja akanijibu kwamba alijua siku zote, kwani nani Tanga hii ana kompyuta Brazili, na sikujua kama nifurahi au nijifungie ndani. Kikoa bado ninacho, na bluu yangu iko pale pale. Lakini ujumbe wa proksi inapokwama nimeurudishia zile herufi za kijivu. Nimezifanya ziwe kubwa kidogo kuliko zilivyokuwa. Hazijakaa katikati vizuri, zimeelemea kushoto, na kila nikiziona mkono unanicheza. Nimeziacha hadi leo.

Mwezi uliopita dada alikuja dukani. Kulikuwa na foleni, naye akapanga foleni kama wengine, hakunitupia jicho. Zamu yake ilipofika akaweka mezani karatasi ya hospitali ya baba yake, ya kwenda mazoezi ya viungo. Nikamwuliza hali ya mzee. Akasema sasa anashika kikombe mwenyewe, na analalamika kwamba tangu niondoke hajapelekwa nchi yoyote ya maana.

Nikaiweka karatasi kwenye mashine. Alikuwa anaangalia rundo la karatasi nyeupe pembeni yangu.

"Na hizi karatasi," akasema, "ni zako au za tajiri?"

Watu wa foleni walinitazama. Nilisikia masikio yanawaka kama siku ile.

"Za tajiri, dada."

"Na mashine?"

"Ya tajiri."

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Nitolee nne."